Kahawa Niliyoikataa Mkononi mwa Shangazi Yako

Kishanda, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Kemilembe,

Barua hii ni yangu ingawa mwandiko ni wako. Vidole vyangu haviwezi tena kushika kalamu, kwa hiyo mimi nasema na wewe unaandika, na ukimaliza utaikunja uiweke kwenye begi lako uende nayo kesho. Umeniuliza kwa nini nisikuambie tu kwa mdomo, maana tumekaa mkeka mmoja. Nina sababu mbili. Ulimi wangu umeanza kuwa mzito, na sijui utakaporudi likizo maneno yangu yatakuwa yanasikika vipi. Sababu nyingine ni aibu. Mtu akiandika anaangalia karatasi. Leo naomba uangalie karatasi.

Sitakuambia habari za sabuni, wala namna ya kupanga sanduku, wala rafiki gani umchague. Hayo unayajua, na mengine ulinifundisha wewe. Usirekebishe sana Kiswahili changu. Mahali utakapotaka kusimama, usisimame.

Wiki iliyopita ulificha karatasi ya kuitwa kidato cha tano chini ya godoro ukasema huendi. Nilikuambia, "Kemi, wenzako wanaililia nafasi hiyo." Ukanijibu, "Nani atakufunga kitenge? Nani atakulisha? Mjomba Deo?" Tukacheka wote wawili, kwa sababu mjomba wako hajawahi hata kujichotea maji ya kunawa. Kisha uliacha kucheka. Ukasema, "Ungekuwa na wifi wa kweli, ningekwenda. Lakini wifi mwenyewe ndiye aliyekufanya hivi."

Nilinyamaza. Kwa miaka miwili na nusu nimenyamaza hivyo kila mara shangazi yako Leokadia anapotajwa. Sasa andika: shangazi yako hakunifanya chochote, na mimi nililijua hilo tangu siku ya kwanza.

Unaikumbuka Krismasi ile ulipokuwa umemaliza kidato cha pili. Tulikuwa tumetandika nyasi mpya sebuleni, na watu walikaa mpaka mlangoni. Shangazi yako alikuja na kahawa ya kutafuna aliyoichemsha mwenyewe na majani yake, akaikausha, akaifunga kwenye ganda la mgomba. Kila mwaka alituletea. Aliimimina kwenye kikapu kidogo, akaanza kunipa mimi kwanza kama mwenye nyumba. Nikatia mkono nichukue punje. Vidole havikushika. Nikajaribu tena, punje zikaangukia kwenye nyasi.

Mjomba Deo akasema, "Dada, hiyo pombe ya rubisi uliyokunywa jikoni mbona hukutuonjesha?" Watu wakacheka. Mimi nikajaribu mara ya tatu, na mara ya tatu hawakucheka. Jirani yetu mmoja, simtaji kwa sababu kosa si lake, akasema polepole, "Kahawa inamkataa. Aulizwe aliyeileta."

Ukweli ni kwamba mkono ulikuwa umeanza kunisaliti miezi mingi kabla ya hapo. Nilikuwa nashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Kisu cha kumenyea ndizi kilikuwa kinaniponyoka nikisingizia utelezi wa utomvu. Usiku misuli ya mkono ilirukaruka chini ya ngozi kama senene kwenye mfuko. Kahawa ya shangazi yako haikuleta chochote kati ya hivyo. Ilinikuta navyo.

Yeye aliokota punje mbili kwenye nyasi, akazifuta kwenye kitenge chake, akanyoosha mkono anitie mdomoni kama mtoto. "Pokea, wifi, waitu," alisema. Mimi nikageuza uso. Nikasema, na watu wote wakasikia, "Kahawa yako sitaki."

Wewe ni mtoto wa huku, unajua nilisema nini. Ukikataa chakula cha mtu unaweza kudai umeshiba. Ukikataa kahawa inayotoka mkononi mwake, mbele ya wageni, umemwambia ana sumu. Shangazi yako alibaki amenyoosha mkono kwa muda, kisha akazitafuna zile punje mwenyewe, akachukua kitenge chake, akaaga.

Umeniuliza sasa hivi kama uandike na kuaga kwake. Andika. Aliaga mmoja mmoja, na nusu ya watu hawakumwitikia.

Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na kitu cha kuficha. Nilipoona macho ya watu yanahama kutoka kwenye mkono wangu kwenda kwenye mkono wake, nilipata nafuu. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, Kemi. Mengine yaliyofuata naweza kusema niliogopa, au nilichelewa. Lakini siku ile nilipata nafuu.

Sasa andika hili bila kunyanyua kichwa. Mama yako anaishi na virusi vya UKIMWI.

Endelea, mwanangu. Nasubiri.

Tulipimwa, mimi na baba yako, kabla hujaanza darasa la kwanza. Wewe ulipimwa ukawa huna, ukapimwa tena, huna. Hilo lishike. Baba yako aligundua akiwa amechelewa, na alipofariki niliwaambia watu ni ini. Mimi nilianza dawa mapema, na zilinitunza vizuri mpaka watu wakanisifu kwa kunenepa. Nilikua katika miaka ambayo huku kwetu kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu, na katika nyumba hizo hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Tulisema mtu "ameugua". Nilipopata wangu, sikujua namna nyingine ya kukaa nao.

Kliniki yangu haikuwa hapa wala Muleba mjini, ambako wauguzi wawili nilisoma nao. Nilijiandikisha Bukoba. Zile safari nilizowaambia napeleka vanila kwa mnunuzi, nikalala kwa binamu yangu anayekaa Nshambya, palepale Bukoba, nilikuwa nachukua dawa. Nilizimimina kwenye chupa ya vitamini na kuweka pamba juu ili zisilie nikitembea. Uliwahi kuniuliza kwa nini mnunuzi yule hanunui vanila ya mtu mwingine yeyote hapa kijijini. Nikakuambia anapenda ya kwetu. Ulifurahi sana.

Baada ya Krismasi maneno yalikwenda mbio kuliko miguu. Wajomba zako wakanichukua kwa mganga kule Rubafu. Sikumwamini hata siku moja, lakini ningekataa ningeulizwa sababu. Mganga akasema dawa yake haichanganywi na ya hospitali, na mjomba Deo akalala pale siku zote kunilinda nisivunje mwiko, akidhani ananisaidia. Chupa yangu ilikuwa imebaki nyumbani, ndani ya debe la maharage. Niliporudi niliona haya kwenda kliniki kueleza nilikuwa wapi. Wiki zikawa miezi. Nilikaa karibu miaka miwili bila dawa, Kemi, ili uongo wangu usimame.

Katika muda huo nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ikabonyea, ukaweza kuona mfupa. Mkono wa kushoto ukafuata, kisha unyayo wa kulia ukaanza kuburuzika. Daktari wa kwanza aliniuliza kama nina ugonjwa mwingine au natumia dawa yoyote. Nikasema hapana. Akataka kunipima, nikamwambia nimepimwa majuzi na sina. Aliandika nilichomwambia. Daktari hana kitu kingine cha kuandika.

Na huku nje shangazi yako alikuwa analipa. Unajua jumuiya yetu inavyosali kwa zamu, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ya pili. Wakafika kwake wakairuka. Hakuna aliyetangaza, zamu ilisomwa tu bila jina lake, na yeye akiwa amekaa palepale kwenye mkeka na rozari yake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilisikia jina likirukwa na nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Kuna jambo jingine, na hili linakuhusu. Ulipokuwa kidato cha tatu aliacha kifurushi cha kahawa mlangoni, bila kubisha. Wewe ulikishika kwa kijiti kama mtu anayeshika nyoka, ukaenda kukitupa chooni, ukarudi ukanawa mikono mara mbili. Halafu ukaniangalia. Ulikuwa unasubiri nikusifu. Nilikuambia, "Asante, mwanangu."

Usilie juu ya karatasi, wino utasambaa. Ulifanya vile kwa kunipenda, na kwa kuniamini. Ukitaka kumwomba radhi ni hiari yako, lakini kosa lile lina jina langu. Nilikupa jambo baya ufanye, kisha nikakushukuru.

Ulipomaliza mtihani wa kidato cha nne ukanipeleka Mwanza. Yule daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mdogo kuliko nilivyotegemea, aliniuliza maswali yale yale, na mimi nikajibu uongo ule ule, wewe ukiwa umesimama pembeni umenishikia mkoba. Akakutuma ukatoe kopi ya karatasi za rufaa. Ulipotoka akavuta kiti. "Mama," alisema, "sikuulizi ili nikuhukumu. Nakuuliza kwa sababu jibu lako linabadilisha dawa nitakayokupa."

Nilimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno lile mbele ya mtu asiye wa kliniki. Nilidhani kitu kitatokea. Alichukua kalamu tu akafuta mstari na kuandika mwingine.

Alinieleza hivi. Ndani yetu kuna neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo mpaka kwenye misuli, na kwangu hizo ndizo zinazokufa. "Mkono wako haukuanza kwa kukosa nguvu," alisema, "ulianza kwa kukosa habari. Msuli usiopata habari hunyauka." Ugonjwa huu kwa kawaida haurudi nyuma, unasonga tu. Lakini kwa watu wachache wenye virusi hutokea kitu kinachofanana nao sana, na virusi vikibanwa kwa dawa, kwa baadhi yao husimama, na wengine wamewahi kurudisha nguvu kidogo. "Siwezi kukuahidi," aliniambia. "Huenda wewe ni miongoni mwao, huenda sivyo. Ila tumepoteza muda."

Alisema tumepoteza, kwa adabu yake. Muda niliupoteza mimi.

Kwa hiyo kile kidonge unachonitilia mdomoni kila jioni tangu Desemba, nilichokuambia ni cha mishipa, ni hicho. Umekuwa muuguzi wangu bila kujua unauguza nini, na hukukosa hata siku moja, hata siku ile ya mvua ulipotoka kanisani ukikimbia kwa sababu saa mbili ilikuwa inakaribia. Kipimo cha mwezi wa tano kimeonyesha virusi havionekani kwenye damu. Hiyo ni kazi ya mkono wako. Mguu haujazidi kuharibika tangu Kwaresima. Mikono iko vilevile. Ulimi ndio sijauelewa bado, siku nyingine naona umekuwa mwepesi, siku nyingine nazungumza kama nina kiazi cha moto mdomoni. Sijui utasimama au utaendelea. Natumaini, lakini kimyakimya, kwa sababu nimeona aibu hata ya kutumaini baada ya niliyoyafanya.

Alhamisi nilikulazimisha uende Muleba mjini kupiga picha za fomu, ingawa ulikuwa bado unasema huendi shule. Ulipotoka tu, nilimwomba jirani anifunge fimbo ya baba yako kwenye kiganja kwa kitambaa, nikaenda kwa shangazi yako. Ni mwendo wako wa dakika kumi. Mimi ulinichukua karibu saa nzima, nikipumzika kwenye kila mgomba ulio imara.

Alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Hakuinuka.

"Umepotea njia?" aliniuliza.

"Sikupotea. Nimekuja kwako."

"Kwangu watu hawaji. Hata jumuiya haiji. Angalia usije ukaanguka hapo, watasema nimekusukuma."

Nilikuwa nimepanga kupiga magoti. Nikakumbuka kwamba nikipiga sitainuka, na yeye ndiye atakayelazimika kuninyanyua. Nikabaki nimesimama, nikaegemea ukuta wa jiko, nikasema. Nilisema kuhusu mkono ulioanza kabla ya Krismasi, na Nshambya, na Rubafu, na siku ya zamu. Nilisema polepole kwa sababu ulimi hauniruhusu haraka. Alimenya mpaka sufuria ikajaa. Nilipofika kwenye neno virusi, kisu hakikusimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hilo la mwisho nalijua. Kaka yangu aliniambia wiki ile ya mwisho nikimwogesha. Aliniambia, Leokadia, mke wangu naye anavyo, na ataficha. Mwache afiche."

Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua walipokuruka? Ulikuwa unajua muda wote? Ungesema neno moja tu, wifi, wangekuacha."

"Wangeniacha mimi wakahamia kwako na kwa mtoto." Akachukua ndizi nyingine. "Nilidhani utalisema mwenyewe. Nikangoja Pasaka. Nikangoja Krismasi nyingine. Nikasema labda akizidiwa. Nimefuga mbuzi maisha yangu yote, lakini kichwa kigumu kama chako sijakiona."

Nilicheka, kisha nikalia, na kwa sababu siwezi kujifuta machozi yalinitiririka mpaka kwenye kola. Aliniangalia. Hakuja kunifuta. Nikamwomba anisamehe.

"Msamaha bado," alisema. "Usiniharakishe. Wewe ulichukua miaka miwili na nusu." Halafu akauliza, "Nimesikia mtoto amekataa shule."

"Amekataa kwa ajili yangu."

"Amekataa kwa ajili ya uongo wako. Angejua ana shangazi, angekuwa ameshapanga sanduku." Alifuta kisu kwenye nyasi. "Mwambie aende. Jumatatu asubuhi nitakuja kwako. Nitakulisha, nitakuogesha, kidonge nitakupa. Lakini usidhani tumepatana. Siku nitakayotaka kuongea na wewe nitaanza mimi. Mpaka hapo, ukitaka maji, kohoa."

Akanipa sharti moja. Niwaambie watu mimi mwenyewe, na nianze na wewe.

Ndiyo maana umekaa hapa unaandika. Jumatano jumuiya inakuja kusali kwetu, na mjomba Deo nimemwita. Nimeshaogopa tangu leo. Ulimi wangu ulivyo, nitasema na wengine hawatasikia, wataniambia, "Unasemaje, Mama Kemi?" na itabidi nilirudie. Wapo watakaoniruka mimi kwenye zamu. Wapo watakaoniangalia kwa macho niliyoyaogopa maisha yangu yote, na safari hii sitakuwa na mkono wa mtu mwingine wa kuyapeleka. Ningependa kukuambia nina ujasiri. Nina mtu anayekuja Jumatatu, basi.

Sikuombi unione mwema kwa kuwa nimesema. Nimesema baada ya ugonjwa kunifikisha mahali ambapo wewe ungepoteza shule. Ningekuwa na mikono mizima, sijui kama ningesema. Ukiwa huko na ukawa na jambo la kuficha, sitakuambia usifiche, mimi sina mdomo wa kusema hivyo. Ila tazama ni nani atakayesimama amenyoosha mkono wakati wewe unaficha.

Basi linapita barabarani saa kumi na mbili, na shangazi yako amesema atafika kabla ya hapo. Sijui atakuambia nini. Mwamkie kama ulivyokuwa ukimwamkia zamani.

Usinijibu leo. Barua hii uisome tena ukifika, ukiwa peke yako. Ukinikasirikia, kasirika kadiri utakavyo, wala usiharakishe kuacha. Sitahesabu kwamba nimekupoteza. Nimejifunza Alhamisi, nimeegemea ukuta wa jiko, kwamba mtu anaweza kuwa na hasira na wewe na bado akaja Jumatatu.

Ni mimi mama yako,
Editha